Akiumia, Nani Anaingia?

Beki wenu wa kushoto amelala chini, ameshika kifundo cha mguu. Kocha anamvua kijana mwingine koti ili amtume ndani. Kapiteni wa wageni anakimbilia kwa mwamuzi: "Haiwezekani! Wamekwisha badilisha watatu. Tulisema watatu!" Wenu wanajibu: "Hao watatu ni wa kawaida. Huyu ameumia!" Mashabiki wanaingia tereni. Dakika kumi zinapotea, na yule beki bado yuko chini. Mguu wake hakuna aliyeutazama.

Kama umecheza mpira Masisi au Walikale, hiyo unaijua. Nimeiona nikiwa mchezaji, nikaiona nikiwa kapiteni, na siku hizi naiona nikiwa yule mtu anayebebeshwa filimbi kwa sababu magoti yake yamekataa kazi nyingine. Dawa yake ni mazungumzo ya dakika tano kabla mpira haujawekwa katikati.

Shika kwanza wazo moja. Kanuni ya majeruhi iwe ya namna ambayo mchezaji hana sababu ya kuficha jeraha, wala hapati faida ya kulizua. Akiogopa kwamba akitoka mtabaki kumi, atachechemea mpaka mguu uvimbe kama kibuyu. Akijua kwamba akijiangusha ataingia mshambuliaji mwenye pumzi mpya, atajiangusha tu. Kanuni yako ipite kati ya hao wawili.

Kaa na kapiteni mwenzako

Fikeni mapema, nyinyi wawili na mwamuzi. Simameni pembeni, mbali na mashabiki. Mbele ya mashabiki hakuna kapiteni anayekubali kitu.

Msiogope kwamba mnatunga sheria zenu. Sheria za mpira zinazosimamiwa na IFAB zinaruhusu ekipe mbili katika mechi ya kirafiki kupatana juu ya idadi ya wachezaji wa kubadilisha, mradi mwamuzi ajulishwe kabla ya mechi kuanza. Na kwa mpira wa vijana, wa wazee na wa mitaani, zinaacha mlango wazi kwa mchezaji aliyetoka kurudi tena uwanjani, shirikisho la nchi likiridhia. Ikiwa ni kombe lenye karatasi za LIFNOKI, ligi ya mpira ya Kivu Kaskazini, fuata karatasi hizo. Ikiwa ni grupema yenu dhidi ya grupema ya jirani, na zawadi ni mbuzi, basi kazi ni yenu.

Mazungumzo yenyewe si marefu. Yasemwe hivi:

"Yaya, leo tunabadilisha wangapi?"

"Watano, mdogo wangu."

"Na aliyeumia?"

"Huyo hahesabiwi."

"Akipata nafuu anarudi?"

"Mara moja. Akianguka tena, basi."

"Nani anasema ameumia kweli?"

"Arbitri. Na kurudi, tumwachie yule wa Msalaba Mwekundu."

Imekwisha. Yaandike kwenye daftari, mistari minne, kila kapiteni atie saini. Utaona saini inavyotuliza watu dakika ya 80, magoli yakiwa mawili kwa mawili. Maneno ya mdomo hubadilika kadiri jua linavyoshuka. Daftari halibadiliki.

Wa kuingia asiwe yule unayemtaka

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu. Nafasi zenu tano zimekwisha na mtu anaumia kweli. Aingie nani?

Marekani wana mchezo unaoitwa softball, ndugu wa baseball. Unapiga mpira kwa gongo, kisha unakimbia. Kwenye ligi zao za kujifurahisha, za watu waliotoka kazini, mwenye mguu mbovu huruhusiwa kupiga, halafu mwenzake akakimbia kwa niaba yake. Umekwisha kuona ujanja ulipo: ghafla kila mtu ana mguu mbovu, na mkimbiaji ni yule yule kijana mwenye mbio za swala. Basi ligi nyingi zikaweka kwamba mkimbiaji si wa kuchagua. Ni yule wa ekipe yako aliyetolewa mwisho. Kwingine, kapiteni wa upande wa pili ndiye anayemteua. Watu wa kriketi nao walikuwa na mkimbiaji wa namna hiyo. Mwaka 2011 baraza lao la dunia, ICC, likamfuta kabisa katika mechi za kimataifa.

Chukua ujanja huo, uulete nyumbani. Mkimaliza nafasi zenu na mtu akaumia, wa kuingia achaguliwe na kapiteni wa wageni, kutoka benchi lenu. Mchezaji wenu mmoja anapumzika, nanyi mnabaki kumi na mmoja, lakini hamzidi nguvu mliyokuwa nayo. Ukitaka kujiangusha kwa kanuni hiyo, jiangushe.

Mara ya kwanza tulipoijaribu, kapiteni wa wageni aliliangalia benchi letu muda mrefu, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Akamnyooshea kidole kijana mmoja mnene, aliyekuja kushangilia tu, miguuni amevaa bote za mvua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kijana akaazimwa viatu, akasimama mbele ya goli letu, akaondoa mipira miwili kwa kichwa. Basi. Mechi ikaisha bila kesi, na aliyeumia alikuwa ameketi chini ya mkaratusi, mguu ndani ya beseni ya maji.

Usipopenda njia hiyo, ziko nyingine. Andika majina ya wa akiba kwa mpangilio kabla ya mechi: aliye namba moja kwenye orodha ndiye anayeingia akiumia mtu, awe nani. Au, kila mkiongeza mmoja kwa sababu ya jeraha, wageni nao waongezewe nafasi moja. Hii ya tatu si yangu. IFAB wenyewe wanaitumia kwa mtu aliyepigwa kichwa: tangu Julai 2024, shindano linaweza kuruhusu mchezaji wa ziada kwa jeraha hilo, na wapinzani wakapata nafasi yao pia.

Usijaribu kanuni ya "wa akiba anaingia kwa aliyeumia tu". Waingereza walipoanza kuruhusu wachezaji wa akiba kwenye ligi yao mwaka 1965, walianza hivyo: mmoja tu, na kwa jeraha tu. Baadaye sharti la jeraha likaondolewa. Shika filimbi Jumapili moja, utaelewa kwa nini. Mwamuzi si daktari, na maumivu hayana rangi.

Wala usibane mno. Mwaka 1970, nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Mexico, Franz Beckenbauer wa Ujerumani Magharibi aliteguka bega. Ekipe yake ilikuwa imekwisha tumia nafasi zake mbili. Akacheza mpaka mwisho wa muda wa nyongeza, mkono umefungwa kifuani, na Italia wakashinda 4–3. Watu wanaisimulia kama ushujaa. Mimi naona kanuni iliyombana mgonjwa. Wewe unaye kijana wa miaka 17 ambaye Jumatatu anatakiwa shambani, na mkono huo ndio unaoshika jembe.

Kipa ana hesabu yake

Kipa akiumia, mruhusu abadilishwe hata kama nafasi zimekwisha. Kapiteni yeyote atakubali, kwa sababu kesho itakuwa zamu yake.

Kama hakuna kipa wa pili, mchezaji yeyote wa ndani anaweza kuvaa glavu. Mwambie mwamuzi kwanza, subirini mpira usimame, na avae mayo ya rangi tofauti. Amueni mapema ni nani, na mjaribuni mazoezini. Kule Gelsenkirchen, kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1974, Zaire ilimtoa kipa wake Kazadi dakika ya 21 ikiwa imefungwa 3–0 na Yugoslavia, akaingia Tubilandu. Kazadi hakuwa ameumia. Mechi iliisha 9–0. Usimtupe kipa wa pili ndani akiwa baridi, miguu haijapashwa moto, halafu umlaumu yeye.

Wakati wa kupigiana penalti, kipa akiumia, aingie wa akiba aliyebaki. Kama hakuna, mwenzake mmoja avae glavu.

Mkiwa wachache

Kwetu mara nyingi tatizo si wa akiba wangapi. Tatizo ni kwamba hamna wa akiba kabisa. Wengine wamekwenda sokoni, wengine machimboni, wengine njia imefungwa, wengine familia imehama usiku na hakuna anayejua imefikia wapi. Ekipe inakuja na watu tisa.

Sheria inasema ekipe ikibaki na wachezaji chini ya saba, mechi haichezwi. Juu ya hapo, patana. Njia ninayoipenda ni kupunguza: wao ni tisa, basi nanyi ingieni tisa. Akiumia mmoja wao na hawana wa kuingia, nanyi toeni mmoja. Mechi ya nane kwa nane kwenye tereni ya kawaida ina magoli mengi na ugomvi mdogo.

Njia ya pili ni kukopesha. Mpeni mchezaji kutoka benchi lenu, avae mayo yao. Asiwe kaka wa kipa wenu. Msiseme baadaye kwamba alicheza kwa mkono wa kushoto.

Kwa watoto usihesabu kitu. Waingie, watoke, warudi, wote wacheze. Sharti moja tu: mtoto aliyetoka akilia kwa maumivu harudi siku hiyo, hata babake akija pembeni kusema amepona.

Kwa mpira wa wazee, azima ile ya softball jinsi ilivyo. Mzee mwenye goti bovu apige kona, apige penalti, kisha akapumzike pembeni na mwingine akimbie kwa niaba yake. Nimeona wazee wakicheka Jumapili nzima kwa kanuni hiyo. Na kina dada wa nzango, mchezo ule wote ni miguu. Kaeni kikao hicho hicho kabla ya kuanza.

Mtu yuko chini: filimbi inafanya nini

Jeraha dogo, mpira uendelee mpaka utoke. Jeraha kubwa, piga filimbi hapo hapo. Usingoje wachezaji wautoe mpira nje kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo inayoleta vita, pale upande mmoja unaporudisha mpira na mwingine unakimbia nao golini. Sema kwenye kikao: kusimamisha ni kazi ya mwamuzi peke yake.

Mechi ikisimamishwa hivyo, mpira unaangushwa kwa ekipe iliyokuwa nao. Ikiwa ni ndani ya eneo la penalti, anapewa kipa.

Aliyetibiwa anatoka nje kwanza, arudi mchezo ukiisha anza tena na mwamuzi akimwashiria. Hilo peke yake linaponya nusu ya wanaojiangusha. Wanaobaki ndani ni wachache, kama vile kipa, waliogongana na kipa, wawili wa ekipe moja waliogongana wenyewe, na mwenye jeraha baya ambaye hafai kusogezwa. Mpigaji wa penalti pia anaweza kutibiwa na kubaki apige.

Anayebadilishwa atoke kwenye mstari ulio karibu naye. Usimlazimishe kuchechemea mpaka katikati. Tereni zetu nyingi za Masisi zimelala kwenye mteremko, upande mmoja ng'ombe, upande mwingine korongo. Kumpandisha mtu mwenye kifundo kibovu mita themanini ni kumuumiza mara ya pili. Anayeingia ndiye anayepitia mstari wa katikati, baada ya mwenzake kutoka.

Kwa aliyetoka kutibiwa, mimi huongeza kitu kimoja: wa akiba ashike nafasi yake kwa dakika kumi bila kuhesabiwa. Wachezaji wa raga wana kitu kama hicho kwa anayetoka damu. Majeruhi akirudi ndani ya dakika kumi, wa akiba anatoka. Zikipita, badiliko limekwisha kuwa la kudumu.

Damu na waya wa miiba

Anayetoka damu anatoka nje. Anarudi damu ikikauka, jeraha likifunikwa, na mayo ikibadilishwa kama imeloa. Weka mayo mbili za ziada zisizo na namba kwenye mfuko. Weka vitambaa safi, sabuni, chupa ya maji na glavu za plastiki, hata kama ni jozi mbili tu.

Malisho ya Masisi yamezungushiwa waya wa miiba, na mpira hupenda kwenda huko. Aliyekatwa na waya wenye kutu, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke santre aulizwe habari ya sindano ya pepopunda. Asingoje jeraha linuke.

Mguu: hatua nne

Mtu anasema ameteguka. Mwache akae dakika moja, kisha mwambie atembee hatua nne mwenyewe. Hata akichechemea. Akishindwa hatua nne, au ukigusa mfupa wa kifundo naye akaruka kwa maumivu, mechi yake imekwisha na safari ya santre imeanza.

Akiweza hatua nne, maji baridi ya mto, robo saa au zaidi kidogo. Funga kwa kitenge, usikaze mpaka vidole viwe baridi. Mguu ukae juu ya jiwe au mfuko. Anataka kurudi? Aruke kwa mguu ule ule mara tatu, kisha akimbie mpaka kwenye mstari na kugeuka ghafla. Akikunja uso, akae.

Kila kijiji kina mtu anayejua "kurudisha" mifupa. Ninamheshimu, lakini si hapo pembeni ya tereni, mguu ukiwa wa moto. Usiruhusu mtu auvute, wala kuukanda kwa mafuta ya moto siku hiyo. Ukihisi umevunjika, ufunge jinsi ulivyoukuta. Vijiti viwili vya mkaratusi na kitenge vinatosha, au karatoni iliyokunjwa. Vijiti vivuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika.

Kichwa hakijadiliwi

Hapa sina upole. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu hata kwa sekunde, akayumba, akashika kichwa akitazama tu, anatoka na harudi leo. Badiliko lake halihesabiwi. Kapiteni wa wageni akipinga hilo, cheza na ekipe nyingine.

Kama huna uhakika, muulize. Tuko tereni gani? Nani alifunga goli la mwisho? Jumapili iliyopita tulicheza na nani? Akikosea moja, harudi. Akijibu yote sawa lakini anasema kichwa kinauma au anaona vitu viwili viwili, harudi pia.

Asiachwe peke yake jioni hiyo. Asiendeshe moto. Asinywe kasiksi ya kusherehekea. Akitapika, maumivu yakizidi, akapata degedege, au usingizi ukawa mzito mpaka haamki vizuri, ni hospitali usiku huo huo.

Na kama shingo inauma au miguu haina nguvu, hakuna kumsogeza wala kumkalisha. Mtu mmoja ashike kichwa kisiyumbe, wengine watafute ubao. Hata kama tereni ni tope na mvua ya Walikale imeanza. Mfunikeni, msimvute.

Mwingine anaweza kuanguka peke yake, hakuna aliyemgusa. Huyo msimcheke. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka hivyo uwanjani Lyon, tarehe 26 Juni 2003, akafariki siku hiyo hiyo. Hajibu, hapumui kama kawaida? Mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, mara mia moja hadi mia moja na ishirini kwa dakika. Mwingine akupokee ukichoka. Endeleeni mpaka apumue au mfike kwa muuguzi.

Njia ya santre ijulikane kabla ya mechi

Jiulize asubuhi: akivunjika mguu leo, anapita wapi? Walikale santre inaweza kuwa saa kadhaa kwa miguu, na barabara ikilowa hata moto inakwama. Masisi kilima ni kilima.

Chagueni motari mmoja. Awe na mafuta, awe na namba ya muuguzi, na asionje kitu mpaka mechi iishe. Kwa mguu uliovunjika au mgongo, moto haifai. Hapo ni tipoyi: miti miwili, blanketi au gunia imara, vijana wanane wa kupokezana wanne wanne. Miti ikatwe kabla, ilazwe nyuma ya goli. Nimeona watu wakitafuta panga huku mtu analia. Usifike huko.

Anzeni saa nane, si saa kumi. Mtu akiumia dakika ya 85, mnahitaji mwanga wa kumbeba. Hakuna anayetaka kubeba tipoyi porini gizani, na siku hizi hakuna anayetaka kukutwa njiani usiku na kuulizwa anakwenda wapi.

Na kuna pesa. Kila mchezaji atoe faranga 500 kabla ya kuvaa mayo, ekipe zote mbili, zishikwe na mama mmoja anayeaminika. Ni likelemba ya siku moja. Mtu akiumia, kutoka upande wowote, zinamlipia motari na santre. Asipoumia mtu, zinangoja mechi ijayo. Zisiliwe.

Semeni pia wazi kwenye kikao: aliyeumia katika mchezo wa haki hadai amande, wala ukoo wake haudai. Aliyeumizwa kwa teke la makusudi, hilo ni la wazee na shefu wa kijiji, na linaanza Jumatatu, si pale tereni. Mechi moja niliyochezesha ilizaa kesi ya miezi mitatu kwa kifundo kimoja tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelisema hilo kabla. Ekipe hizo mbili hazikucheza tena mwaka mzima.

Baada ya filimbi

Fungua daftari. Andika nani aliumia, dakika gani, wapi mwilini, nani aliingia. Mistari miwili. Baada ya mechi sita utaona kona moja ya tereni yenu ndiyo inayoangusha watu wote, na utachukua jembe uisawazishe.

Jumatano nenda nyumbani kwa majeruhi. Usimuulize kama amepona, maana atasema ndiyo. Mpe bidoni ya lita 20, muende wote mtoni. Apande nayo kilima hadi nyumbani bila kuchechemea na bila kubadilisha mguu wa kuegemea. Akiweza, Jumapili anaanza benchi. Akisimama katikati ya njia akasingizia kamba ya ndala, pokea bidoni, mbebee.